Ndala za Kushikia Friji

Kwa miaka miwili na miezi kadhaa, katika nyumba tuliyokuwa tumepanga Tabata, palikuwa na jozi moja ya ndala za bluu ambazo hazikuwa za mtu yeyote. Zilikaa kando ya friji. Kila aliyetaka kufungua friji alizivaa kwanza, akachukua maji au mboga, akafunga, akazivua na kuziacha palepale kwa ajili ya mwenzake. Mgeni akija tulimweleza kwa tabasamu: "Vaa ndala, friji yetu ina shoti kidogo." Watoto wangu waliijua sheria hiyo kabla hawajajua kusoma. Nami, mwenye shahada ya uzamivu, ninayelipwa mshahara wa umma ili niwafundishe vijana kuyahoji mambo yanayoonekana ya kawaida, sikuwahi kuuliza hata siku moja kwa nini mlango wa friji unauma.

Jumamosi moja binti aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani alikuwa akipiga deki jikoni. Watoto walimwita Dada, nami nitamwita hivyo hapa. Maji yalikuwa yametapakaa sakafuni. Alitaka kuisogeza friji ili apitishe tambara nyuma yake, akaishika kwa mikono miwili, miguu mitupu. Nilikuwa sebuleni nikisahihisha mitihani. Nilisikia kishindo, kisha ndoo ikipinduka. Nilipofika, alikuwa ameketi chini ameegemea ukuta, macho yamemtoka, mkono wa kulia ukitetemeka wenyewe. Mke wangu alikimbilia meni swichi. Dada alimtazama, akasema kwa sauti ndogo: "Nisamehe, mama. Nilisahau ndala."

Hospitalini walimpima moyo, wakamfunga kidole kilichoungua, wakaturuhusu jioni ileile. Alipona. Naandika hilo mapema ili msomaji asisubiri msiba ambao haukutokea. Lakini lile ombi la msamaha halijaniondoka. Mtu aliyekaribia kuuawa na nyumba yangu aliomba radhi kwa kuvunja kanuni tuliyomwekea ili tuweze kuendelea kuishi na hatari tuliyoifahamu.

Jumatatu nilimwita fundi umeme. Alifungua soketi ya friji, akanionyesha. Ndani ya boksi mlikuwa na nyaya mbili tu, mmoja unaoleta umeme na mwingine unaourudisha. Waya wa tatu, ule wa kijani na njano ambao mafundi huuita ethi, haukuwamo. Tukafungua soketi ya sebuleni, hali ileile. Tukazunguka nyumba nzima nje tukitafuta fito ya shaba iliyopaswa kuzamishwa ardhini. Hatukuiona. Nyumba yenye vyumba vitatu vya kulala, marumaru zinazong'aa na geti la chuma lenye nakshi ilikuwa imejengwa, ikapakwa rangi, ikaunganishiwa umeme na kupangishwa, bila waya mmoja ambao kazi yake pekee ni kumwokoa mtu.

Nilimpigia simu mwenye nyumba. Ni mtu mstaarabu, mstaafu, asiyepandisha kodi ovyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mambo mawili. La kwanza, kwamba wapangaji walionitangulia hawakuwahi kulalamika. La pili, kwamba friji ni yangu, na kilicho kibovu ni friji, si nyumba. La kwanza lilinikasirisha. La pili lilininyima usingizi, kwa sababu lilikuwa kweli. Friji ilikuwa mbovu. Mahali fulani ndani yake waya ulikuwa umechubuka na kugusa bati.

Ilinichukua siku kadhaa kuona kasoro ya hoja yake, na aibu ni kwamba hoja ya kuijibu naifundisha kila mwaka. Katika somo la taasisi huwa nawaambia wanafunzi kwamba katiba haiandikwi kwa ajili ya kiongozi mwema. Kiongozi mwema angetawala vizuri hata bila katiba. Inaandikwa kwa ajili ya siku atakapokuja mwingine. Vivyo hivyo, ethi haiwekwi kwa ajili ya friji nzima. Friji zote huchakaa, pasi zote hukatika waya, na kila hita ya maji itavuja siku moja. Nyumba iliyopangwa vema ni ile ambayo imekwisha kuifikiria siku hiyo kabla haijafika.

Tulihama baada ya miezi miwili. Friji tuliiuza kwa bei ya chuma chakavu. Wakati huo tulikuwa na kiwanja Goba, msingi umekwisha kumwagwa, na fedha za mkopo zinatoka kidogo kidogo kama zinavyotoka kwa watumishi wengi wa umma wanaosoma hapa. Nikaapa kwamba umeme wa nyumba ile nitausimamia mwenyewe. Nilikwenda kwa mwenzangu wa kitivo cha uhandisi nikiwa na daftari, nikaketi kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Jambo la kwanza alilonifundisha lilinishangaza kiasi kwamba nilimwomba alirudie. Breka, alisema, haimlindi mtu. Breka inalinda waya. Chukua breka ya ampea 32, kama zile zinazofungwa kwenye njia za soketi. Haitakata umeme mpaka kiasi kinachopita kiizidi ampea 32, ili waya usipate moto ndani ya ukuta. Sasa chukua mtu mwenye miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji. Kwa volti 230 za umeme wetu, mwili wake unaweza kupitisha kiasi cha moja ya kumi ya ampea, au mbili. Kiasi hicho kikipita kifuani kwa muda mfupi kuliko pumzi moja chaweza kuuvuruga mdundo wa moyo usirudi tena. Kwa breka, ni mzigo wa taa moja ya wati 25 au 40. Mtu anaweza kufa akiwa ameshikilia friji, na breka isione lolote zaidi ya mtu kuwasha taa.

Nilidhani basi dawa ni ethi tu. Nayo ethi, alisema, inategemea ardhi. Fito ya shaba ikizamishwa kwenye mchanga wa Dar es Salaam wakati wa kiangazi, ukinzani wake unaweza kuwa mkubwa. Tukapiga hesabu ya sekondari, Kanuni ya Ohm. Fito ikiwa na ukinzani wa omu 20, volti 230 zitasukuma ampea 11.5 kuingia ardhini. Ni nyingi, lakini bado ni chache mno kuigutusha breka ya 32. Bati la friji litabaki na umeme, na kila kitu nyumbani kitaendelea kuonekana kizuri.

Ndiyo maana kinahitajika kifaa cha tatu, ambacho mafundi hukiita kwa herufi zake za Kiingereza, RCD. Kazi yake ni ya mhasibu mwaminifu. Kinapima umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Vikiwa sawa, kinanyamaza. Ikitokea kwamba kilichorudi kimepungua hata kwa miliampea 30, yaani kuna umeme umepita njia isiyo yake, pengine mwilini mwa mtu, kinakata kila kitu kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hakiulizi nani kachukua. Nilipokwenda Kariakoo kuulizia bei, nilikuta kifaa hicho kinauzwa kwa bei ndogo kuliko ile taa ya kuning'inia ambayo mke wangu na mimi tulikuwa tumekwisha kukubaliana kuinunua kwa ajili ya sebule.

Sasa nije kwenye ramani, maana hapo ndipo nilipojijua vizuri zaidi kuliko nilivyopenda.

Mchoro wa awali wa umeme niliupanga mimi pamoja na mchoraji, mezani, kwa kahawa. Sebuleni tuliweka soketi sita: za televisheni, redio, king'amuzi, na mbili pembeni mwa kiti ninachopenda kusomea. Chumba changu cha kusomea, soketi nne. Jikoni, mbili. Moja ya friji na moja ya "vitu vingine". Chumba cha Dada, hakuna hata moja. Si kwamba tulikataa. Hatukukumbuka. Mchoro ulikuwa safi, umepigwa mistari kwa rula, na ulieleza kwa usahihi kabisa mahali anapoketi mtu mmoja katika nyumba ya watu saba.

Aliyeuvunja ni mke wangu. Aliutazama mara moja akaniuliza birika la umeme litachomekwa wapi wakati jiko la wali limewashwa. Nikasema tutatumia ekstensheni. Akanitazama tu. Nikafanya hesabu baadaye, peke yangu. Birika la wati 2,200 linavuta ampea tisa na nusu hivi, pasi ya wati 1,200 inavuta zaidi ya tano, na ekstensheni nyingi tunazonunua mtaani haziwezi kubeba hata 13 zilizoandikwa juu yake. Ekstensheni inayolala jikoni mwaka mzima ni soketi ambayo mpangaji wa nyumba alisahau kuiweka, na mwenye nyumba akaamua kuijenga kwa plastiki nyembamba.

Basi tukafanya jambo ambalo fundi wetu alilicheka. Kuta zilipokuwa zimesimama, kabla ya kutindua na kupiga lipu, tuliwapeleka wote Goba na boksi la chaki. Kila mmoja apite katika nyumba tupu, ajifikirie yuko kazini kwake, na achore alama ya msalaba panapotakiwa soketi na duara panapotakiwa swichi. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Mbinga kutibiwa macho. Yeye hakusita. Aliingia katika chumba tulichomwandalia, akasimama mahali kitakapokaa kitanda, akachora msalaba usawa wa kiuno chake. Fundi akamwambia kwa adabu kwamba soketi za chumbani huwekwa chini, ndivyo zinavyopendeza. "Mwanangu," mama akamjibu, "nimeinamia mahindi miaka hamsini. Sasa na simu nayo niiinamie?" Alama ikabaki. Akaongeza duara karibu na mto, ili asivuke chumba gizani usiku akitafuta swichi.

Watoto walichora misalaba kila mahali, mmoja hata juu ya dirisha. Hao tuliwashinda kwa kura.

Dada alikuwa na chaki mkononi na hakuchora kitu. Nilimhimiza. "Hapo mlipopanga panatosha, baba," alisema. Nikamweleza kwamba yeye ndiye anayekaa jikoni kuliko sote, anajua. Akaitikia kwa kichwa na kuendelea kusimama. Nikamweleza tena, kwa maneno mengi zaidi, kama tufanyavyo wahadhiri tukiona darasa limenyamaza. Mwishowe mke wangu alinishika mkono tukatoka nje, tukaenda kutazama kisima cha jirani ambacho hatukuwa na haja ya kukitazama. Tuliporudi palikuwa na alama saba jikoni na kwenye ukumbi mwembamba wa kuelekea uani. Zote zilikuwa mbali na sinki na mbali na mahali pa jiko la gesi. Moja ilikuwa ukumbini, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupafikiria: hapo, alieleza alipoulizwa, ndipo anapopigia pasi, kwa kuwa ukipigia pasi sebuleni watu wanapita na waya unavutwa. Katika chumba chake mwenyewe hakuchora. Huko mke wangu aliingia na chaki akachora mbili.

Nimehudhuria mikutano mingi ya kukusanya maoni ya wananchi, mingine nikiwa mtaalamu niliyelipwa posho. Nawakumbuka wananchi waliosema, "Hapo mlipopanga panatosha." Tuliandika katika taarifa kwamba wameridhia.

Nilipokuwa nasoma juu ya soketi nilikutana na habari iliyonifanya nisimame. Hizi soketi zetu za matundu matatu ya mstatili tumezirithi kutoka Uingereza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza waliunda kamati ya kupanga umeme wa nyumba zitakazojengwa baada ya vita, na katika kamati ile palikuwa na mwanamke mmoja tu, Caroline Haslett, mhandisi aliyekuwa akiongoza jumuiya ya wanawake iliyoshughulikia matumizi ya umeme majumbani. Anakumbukwa kwa kusisitiza kwamba soketi iwe salama hata mtoto akiifikia. Kiwango kilichotokana na kazi ile kilitolewa mwaka 1947. Ukichungulia matundu mawili ya chini ya soketi yako utaona yamezibwa kwa vijimlango vya ndani. Jino la juu la plagi, lile refu, linaingia kwanza. Linaunganisha ethi kabla umeme haujafika, na hapo hapo linavifungua vijimlango vya matundu mawili ya chini. Mtoto akichomeka msumari katika tundu moja la chini, haendi popote.

Na sisi tunafanya nini? Tunanunua chaja yenye meno mawili ya duara, tunachukua peni, tunaichomeka katika tundu la juu ili vijimlango vifunguke, tunasukuma chaja, kisha tunaondoa peni. Nimewaona wanafunzi wangu wakifanya hivyo ukumbini. Nimefanya mwenyewe, mbele ya mwanangu wa miaka minne, ambaye siku iliyofuata nilimkuta anatafuta peni. Tumemfundisha mtoto kufungua mlango uliofungwa kwa ajili yake. Adapta ya maana haina gharama ya kutisha, na plagi hubadilishwa kwa bisibisi moja.

Kuhusu saketi, yaani kuugawa umeme wa nyumba katika njia zake, nitasema kwa kifupi, kwa kuwa fundi mwenye leseni atakueleza vizuri zaidi. Kwetu taa zilipewa njia mbili zenye breka za ampea 6, nyaya za milimita za mraba 1.5, ili njia moja ikikatika nyumba isiwe giza lote. Soketi za vyumbani zina njia yake, za sebuleni yake, za jikoni yake. Jiko la umeme lina waya wake mnene wa 6, hita ya maji yake, pampu na taa za nje yake. Na RCD tuliziweka mbili, tukagawa njia kati yake, kusudi hitilafu ya pampu usiku wa mvua isimwache mama gizani.

Jambo moja tu nalisisitiza, kwa sababu nimeliona katika nyumba nyingi za marafiki zangu tangu nilipopata ugonjwa huu wa kufungua maboksi ya breka ya watu. Waingereza wale wa wakati wa vita walikuwa na upungufu wa shaba. Wakabuni mtindo wa kuutoa waya wa soketi kwenye boksi la breka, kuupitisha soketi zote, kisha kuurudisha palepale ulipoanzia, ukawa duara. Kila soketi inalishwa kutoka pande mbili, kwa hiyo waya wa 2.5 unaweza kulindwa na breka ya 32. Mafundi wetu wamechukua ile breka ya 32 lakini duara wameliacha. Waya unakwenda hadi soketi ya mwisho, unaishia hapo. Waya wa namna hiyo, ukiwa ndani ya bomba ukutani, unastahili breka ya 20. Ukiuwekea 32, utapata joto kwa muda mrefu kabla breka haijasema neno. Ukisikia soketi inanuka plastiki iliyoungua na breka haijakata, kwamba breka haijakata si habari njema.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kulikwepa. Nyumba haiunganishiwi umeme bila fomu iliyosainiwa na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, pamoja na mchoro. Ni utaratibu mzuri. Kazi yetu ilipokaribia kwisha, fundi wetu, kijana hodari ambaye hana leseni yake mwenyewe, aliniambia nisijisumbue. Kuna mkandarasi atagonga muhuri bila hata kufika Goba. "Wote wanafanya hivyo, Dokta." Ningeweza kuwaambia kwamba nilikasirika. Ukweli ni kwamba niliinamisha kichwa, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuununua muhuri wa namna hiyo mara moja.

Umeme wa REA ulipofika kijijini kwetu, ada ya kuunganishwa ikiwa shilingi 27,000, nilifurahi kama mtoto. Nilituma fedha kwa simu kwa fundi niliyeelekezwa na binamu yangu, nikataka nyumba ya mama iwe miongoni mwa za mwanzo kuwaka. Fundi akaomba nyongeza "ya muhuri". Nikatuma bila kuuliza muhuri wa nani, na aliingia lini ndani ya nyumba ya mama yangu. Mwaka ule niliandika makala kali dhidi ya rushwa ndogondogo. Wengine wenu mliisambaza.

Baada ya tukio la Dada nilisafiri mpaka Mbinga na kipima umeme cha kuazima. Waya wa ethi ulikuwapo, nikashukuru. Niliufuata kutoka kwenye mita ya LUKU, ukashuka ukutani, ukaingia kwenye bustani ndogo ya maua ya mama. Nikachimbua kwa mkono. Ulikuwa umefungwa kwenye kipande cha nondo chenye urefu wa shubiri moja, kimechomekwa udongoni kama mambo ya kufungia mbuzi. Mama alinisimamia nyuma akauliza kama nimepoteza kitu. Yule mwenye nyumba wa Tabata angalau hakuwa mwanawe.

Nilimalizana na nyumba ya mama kwa fito ya shaba ya kweli na RCD yake. Kwa Goba, nilimtafuta mkandarasi mwenye leseni, nikamlipa aje. Alikuja, akapima, akakuta soketi mbili ambazo waya unaoleta umeme na ule unaorudisha vilikuwa vimebadilishana nafasi, na nati ya ethi iliyolegea. Fundi wetu alizirekebisha mbele yake bila kununa. Nimemhimiza aende VETA akafanye mitihani ili awe na leseni yake, maana mikono anayo. Siku ya kuhamia, mkandarasi alibonyeza kitufe cha kujaribia kwenye RCD, nusu ya nyumba ikazimika kwa mlio mdogo, watoto wakapiga makofi. Sasa kazi ya kubonyeza kitufe hicho kila mwanzo wa mwezi ni ya Dada, kwa kuwa aliiomba.

Limebaki la Tabata. Ni baadaye sana, nikiwa kwenye daladala, ndipo lilipo­nijia jambo ambalo mwenzangu wa uhandisi alikuwa amelisema na nikalipitiliza. RCD inafanya kazi hata katika nyumba isiyo na ethi. Haizuii bati la friji kuwa na umeme, lakini umeme ule ukianza kupita mwilini mwa mtu kuelekea sakafuni, itakata. Ingeweza kufungwa katika boksi la breka la nyumba ile kwa saa moja, bila kutindua ukuta hata inchi moja, kwa bei ambayo ningeilipa mwenyewe na kuikata kwenye kodi, au nisiikate. Tulikaa pale miezi miwili zaidi baada ya Dada kurushwa ukutani, tukivaa ndala.

Nikanunua kimoja nikaenda. Geti ni lilelile. Alinifungulia mama mmoja kijana, mtoto kiunoni, akanikaribisha ukumbini kwa heshima nilipojieleza kuwa mpangaji wa zamani. Nikamweleza habari ya ethi, friji na yule binti, nikijaribu kutomtisha. Alinisikiliza kwa utulivu, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemtoa mgeni wasiwasi.

"Tunajua, kaka. Huwa tunavaa ndala. Hata watoto tumewazoesha."

Nilimwonyesha kile kifaa. Alikigeuzageuza mkononi, akasema itabidi kwanza aongee na baba watoto, na baba watoto aongee na mwenye nyumba, maana hawataki aone wamechokonoa umeme wake. Nikamwachia pamoja na namba ya fundi. Hiyo ilikuwa wiki ya tatu iliyopita. Fundi anasema hajapigiwa simu bado. Kesho nina vipindi mpaka saa nane, baada ya hapo nitarudi Tabata naye.